MREJESHO: Kukompaili mod_jk ili Apache iongee na Tomcat

Wakuu narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa waliokuwa hawapo, nilikwama kukompaili mod_jk (moduli inayounganisha seva ya wavuti ya Apache na Tomcat, seva ya programu za Java), ile skripti ya configure ilikuwa inagoma kabisa inasema haioni apxs, zana ya Apache ya kujengea moduli.

Aliyesema niinstoli pakeji ya httpd-devel, yenye hiyo apxs, alipatia (wa Debian na Ubuntu kwenu ni apache2-dev), basi nikaingia folda ya native ndani ya sosi kodi ya tomcat-connectors nikapiga ./configure --with-apxs=/usr/bin/apxs halafu make na make install, mod_jk.so ikatokea bila kelele. Ushauri wa kukopi faili la moduli (.so) kutoka seva ya zamani niliujaribu kwanza ukagoma, maana ile ilitengenezwa kwa Apache 2.2 na mimi niko 2.4, moduli haziingiliani hapo.

Kilichonila muda ni kosa la 503 (huduma haipatikani) baada ya hapo, siku mbili nzima! Kumbe kuanzia Tomcat 9.0.31 AJP (itifaki ambayo mod_jk inatumia kuongea na Tomcat) imezimwa, lazima uitoe kwenye komenti ndani ya server.xml ya Tomcat, pia inadai secret (neno la siri), na hiyo hiyo uiweke kwenye workers.properties, faili la mipangilio la mod_jk. Nilipofanya hivyo pote ikakubali palepale kwenye poti 8009.

Bado load balancing (kugawa watumiaji) ya Tomcat mbili haijakaa sawa, nimeweka jvmRoute (jina la kutambulisha kila Tomcat) ila watumiaji wanatupwa nje wakihamia ya pili, kwa sasa natumia moja tu.

Asanteni sana wote, mmenisaidia mno.