R1a au I2a: ipi ndiyo alama ya baba kwa Waslavu?

Mzee_wa_Ramani: Wakuu, ubishi wa asili ya Waslavu, wasemao lugha kama Kirusi na Kipolandi, hauishi. Kwenye kromosomu Y, ile anayoirithi mtoto wa kiume kwa baba yake, kila ukoo wa baba una alama yake, na mimi nasimama na R1a. Poland zaidi ya nusu ya wanaume wanayo, Wasorbi, Waslavu wachache wa Ujerumani, ndio usiseme, Urusi inakaribia nusu. Nani anapinga?

Kitonga: Mimi. Shuka Herzegovina, kusini mwa Bosnia kule Balkani: I2a, ukoo mwingine wa baba, imetawala, R1a unaitafuta kwa tochi. Na wale wanaongea Kislavu safi. I2a ni ya wenyeji, Waillyria, waliokuwa Balkani kabla ya Waslavu. Walibadili lugha tu.

Dada_Maabara: Kitonga, kitu kuwa kingi mahali hakumaanishi kimeanzia hapo. Tawi la I2a lililojaa Balkani, I-CTS10228, ni changa: wote walio nalo wanakutana kwa babu mmoja wa miaka elfu mbili na kitu iliyopita. Umri huo ni mdogo mno kwa ukoo unaodaiwa kukaa hapo tangu enzi za mawe. Halafu utafiti wa 2023 ulipima mifupa ya Balkani ya milenia ya kwanza, ikiwemo ya Viminacium, mji wa Kirumi uliokuwa Serbia ya leo. Enzi ya Warumi E-V13, ukoo mwingine wa baba, ipo ya kutosha. I2a hii inaingia baadaye, pamoja na R1a, na wageni kutoka Ulaya Mashariki.

Mzee_wa_Ramani: Kwa hiyo nimeshinda 😀

Dada_Maabara: Pole pole mzee. Ukisema R1a tupu hujasema kitu. Ina matawi: Z93 imejaa India na Asia ya Kati, Z284 ni ya Skandinavia. Kwa Waslavu taja matawi ya M458, yenye nguvu upande wa magharibi, na Z280 upande wa mashariki.

Mtu_wa_Volga: Na kaskazini mwa Urusi msiisahau N, ukoo mwingine wa baba, urithi wa makabila ya Kifini yaliyomezwa na Urusi. Ila mnagombania uzi mmoja. Rudi vizazi 10, una nafasi 1,024 za mababu. Y inakuonyesha mmoja tu. Mimi nachagua jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu. Utafiti wa 2025 ulionyesha kwamba mashariki mwa Ujerumani, Poland na Kroatia zaidi ya asilimia 80 ya asili ya watu ilibadilika kati ya karne ya 6 na ya 8, na chimbuko likaelekezwa kusini mwa Belarus hadi katikati ya Ukraine. Jibu lilichelewa kwa sababu Waslavu wa mwanzo walichoma maiti zao. Majivu hayatoi DNA.

Kitonga: Sasa Waillyria wangu walikwenda wapi?

Dada_Maabara: Hawakwenda popote. Ule wa 2023 unaupa ujio wa Waslavu asilimia 30 hadi 60 ya asili ya watu wa Balkani wa leo. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni ya waliowakuta pale. Ukiwatafuta kwenye Y, anzia E-V13, achana na I2a.