Mjadala: Rironi–Mau Summit kwa ubia na ada ya kila kilomita. Tukubali au tukatae?

Hesabu za Barabara (mleta mada)

Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kilomita 175, pamoja na ile ya chini ya Rironi–Maai Mahiu–Naivasha, kilomita 58. Gharama iliyotangazwa ni takriban shilingi bilioni 170. Kampuni ya CRBC ya China imeungana na NSSF yetu, mfuko wa pensheni za wafanyakazi, na kampuni ya Shandong Hi-Speed nayo imo. Wanatafuta fedha, wanajenga, wanatunza na kutoza ada kwa takriban miaka 30, kisha wanaikabidhi serikali. Gari dogo limetangaziwa shilingi 8 kwa kilomita, ikipanda asilimia 1 kila mwaka.

Mkataba wa kwanza wa barabara hii ulitiwa saini 2020 na Wafaransa, Vinci na Meridiam, ukavunjwa 2025. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba magari yakipungua, hasara ilikuwa ya serikali. Huo ndio moyo wa mjadala huu. Ubia wenyewe mimi siukatai. Ninachokataa ni kuuzungumzia bila kusema hasara ni ya nani.

Tupige hesabu ya mezani. Bilioni 170 ukizikopa kwa riba ya asilimia 10 na kuzilipa kwa miaka 28 ni kama bilioni 18.3 kila mwaka, yaani shilingi milioni 50 kila siku. Riba ikiwa asilimia 12 ni milioni 58 kwa siku. Gari dogo likienda kilomita zote 175 linalipa 1,400. Kwa hiyo kulipa deni tu, kwa ile riba ya chini, kunahitaji safari nzima kama 35,700 za gari dogo kila siku, au malori machache yanayolipa zaidi. Hapo bado hujaziba shimo hata moja wala kumlipa mhudumu wa kituo.

Halafu tazama ile asilimia 1. Shilingi 8 baada ya miaka 28 inakuwa kama 10.6. Bei za vitu zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, shilingi 8 ya leo inapaswa kuwa zaidi ya 31 wakati huo ili inunue lami ileile. Pengo hilo litazibwa na nini? Ama magari yaongezeke sana, ama mkataba uwe na kifungu kingine cha kupandisha ada, ama Hazina ilipe. Naomba anayeona njia ya nne aiseme.

Msimamizi wa Malori

Mimi nakataa, na sababu yangu iko kwenye pampu ya mafuta. Tozo ya matengenezo ya barabara ilitoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Semi (lori la tela) yenye mzigo inayokwenda kilomita 2 kwa lita inachoma kama lita 87 kutoka Rironi hadi Mau Summit. Hiyo ni karibu shilingi 2,200 za kutunza barabara ambazo zimeshalipwa kabla ya kufika kituo chochote cha ada. Gari dogo la kilomita 12 kwa lita linalipa kama 365.

Tena shilingi 7 kati ya hizo 25 zimeshawekwa rehani ili kupata bilioni 175 za kulipa madeni ya wakandarasi. Tunalipia barabara za jana, tunalipia matengenezo ya leo, na sasa tulipie kupita.

Barabara ya kasi ya Nairobi ilipofunguliwa 2022, gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands lililipa 360 na lori kubwa 1,800, mara 5. Uwiano huo ukitumika huku, semi italipa 40 kwa kilomita, yaani 7,000 kwenda na 7,000 kurudi. Wasafirishaji hawatazimeza fedha hizo. Zitaonekana kwenye bei ya saruji Bungoma na mbolea Eldoret.

Kingine: kule Nairobi, aliye na mfuko mkavu anapita Mombasa Road, chini ya nguzo za barabara ya kasi, bila kulipa. Huku inapanuliwa barabara ileile iliyojengwa kwa kodi, yaani A8 ya Rironi–Mau Summit, na ile ya Maai Mahiu, ambayo ndiyo ingekuwa njia mbadala, imo ndani ya mradi huohuo. Gari dogo linaweza kukatia Flyover, Njabini, Ol Kalou, Dundori, litokee Lanet. Semi ya tani 56 ukiipeleka huko, barabara zile hazimalizi misimu miwili ya mvua.

Mpimaji

Msimamizi, hoja ya tozo ya mafuta ni nzito na sitaipinga. Lakini tuulizane kwa nini A8 ilichakaa wakati tozo ipo. Fedha za matengenezo hugawanywa kila mwaka na hukatwa kila mwaka. Ufa wa milimita 3 unaozibwa kwa lami ya moto mwezi wa Februari ni kazi ya ndoo na brashi. Ukiachwa mpaka Mei, maji yameingia kwenye kokoto za msingi, udongo umelainika, na unachimba kiraka cha mita 2 kwa 3 hadi kina cha sentimita 30. Ubia ukiandikwa vizuri unaondoa ule ucheleweshaji, kwa sababu anayechelewesha ndiye anayelipia kiraka. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na ni faida ya kweli.

Ila "vizuri" maana yake ni namba. Ukiandika "barabara itunzwe katika hali nzuri", umeandika hewa. Mkataba unapaswa kusema: mbonyeo wa matairi usizidi milimita 10 au 15, mtikisiko wa uso wa barabara kwa kipimo cha IRI usizidi 2.5 au 3, shimo lizibwe ndani ya saa 24 au 48, kalvati zisafishwe kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, na kila kosa likate malipo kwa kiasi kinachojulikana. Vipimo vichukuliwe na mtu asiyelipwa na mwendeshaji.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi: mizani. Sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli yenye matairi pacha. Uharibifu wa lami haupandi sawa na uzito, unapanda kwa kipeo cha 4 hivi. Ekseli ya tani 12 inaumiza barabara mara 2 ya ile ya tani 10. Malori yakizidisha hivyo kwa mazoea, barabara iliyosanifiwa miaka 20 inakwisha kwa 10. Na pa kuangalia ni kwenye miinuko, malori yanapotoka Maai Mahiu kupandia Rironi, au kukaribia Mau Summit. Lori linatambaa kilomita 15 kwa saa, jua limeilainisha lami, uzito unakaa mahali pamoja muda mrefu. Utaona mifereji miwili sambamba ya matairi na kati yake kigongo cha lami iliyosukumwa pembeni. Maji yakikaa humo, gari dogo linateleza. Sehemu hizo zinahitaji lami iliyochanganywa na polima na kokoto zinazoshikana, siyo mchanganyiko uleule wa tambarare.

Basi nani anasimamia mizani ya Gilgil? Ikiwa ni serikali, siku mbonyeo utakapofika milimita 20 mwendeshaji atatoa daftari la mizani na kusema, "Mliruhusu uzito kupita, lipeni nyinyi." Ikiwa ni mwendeshaji, ana sababu ya kuwa mkali, lakini mamlaka ya kutoza faini ni ya dola. Dawa ninayoiona ni mizani za kwenye lami zinazopima gari likiwa mwendoni pande zote, takwimu zake zionwe na pande zote mbili papo hapo, na mkataba useme kabisa kwamba uzito uliozidi kwa asilimia fulani ni hatari ya mwendeshaji.

Na mwisho wa mkataba. Kutandika tabaka jipya la milimita 50 juu ya kilomita 175, nikichukulia njia 4 za mita 3.5, ni karibu tani 294,000 za lami. Ni zaidi ya safari 10,000 za lori la tani 28. Kazi hiyo hurudi kila baada ya miaka 8 hadi 10. Mwendeshaji mwenye miaka 3 iliyobaki ana kila kishawishi cha kuiacha. Ukaguzi wa pamoja uanze miaka 5 kabla ya kukabidhi, na sehemu ya ada izuiwe kwenye akaunti maalumu mpaka ipimwe na ionekane lami ina uhai uliobaki wa miaka iliyotajwa.

Kutoka Kibaha

Wakuu, huku Tanzania tunaufuatilia mjadala wenu kwa sababu Kibaha–Chalinze–Morogoro inatafutiwa ubia. Sheria yetu ya ubia ni ya 2010 na imerekebishwa mara kadhaa, ikiwemo 2023.

Tunayo Daraja la Nyerere la Kigamboni, mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. NSSF yetu iliweka asilimia 60, serikali 40. Watu wa Kigamboni walilalamikia tozo mpaka zikapunguzwa 2022. Sawa, wananchi walipata nafuu, nami niliifurahia. Ila mfuko wa wafanyakazi ndio uliokuwa unasubiri kurejesha fedha zake hapo. NSSF ya Kenya ikiwa mwanahisa, mfanyakazi wa Nakuru yuko pande zote mbili za kizuizi: ada ikishuka pensheni yake inaguswa, ikipanda pochi yake inaguswa. Je, bodi ya mfuko imeonyesha makadirio ya magari iliyoyategemea?

Na tusisahau reli. Mwaka 2006 Kenya na Uganda ziliikabidhi reli kwa Rift Valley Railways kwa miaka 25. Ada za serikali hazikulipwa ipasavyo, uwekezaji ulioahidiwa haukufikiwa, na Kenya ilijitoa 2017. Sehemu ya mzigo ambao ungepanda behewa ndio huo unaokanyaga A8 leo.

Hesabu za Barabara

Mfano wa reli umenigusa, kwa sababu ile nayo ilikuwa na malengo kwenye karatasi. Kilichokosekana ni kuchukua hatua mapema, mwaka wa pili wa kukosa malengo, siyo wa kumi.

Niongeze la dola. Januari 2024 ada ya Mlolongo–Westlands ilipanda kutoka 360 hadi 500, karibu asilimia 39, na sababu iliyotolewa ni kuporomoka kwa shilingi. Dola ilikuwa kama 116 barabara ilipofunguliwa, ikakaribia 157. Ukikopa kwa dola na kukusanya shilingi, lazima mtu abebe tofauti, na pale aliyebeba ni dereva. Baadaye 2024 shilingi ilirudi karibu 129. Fomula yoyote ya ada inapaswa kushuka kwa kasi ileile iliyopandia, na hilo liandikwe, lisiachwe kwa hisani.

Hapo ndipo naona faida moja ya NSSF, Ndugu Kibaha: fedha zake ni za shilingi. Kadiri sehemu ya shilingi inavyokuwa kubwa, ndivyo ada inavyoyumba kidogo. Hatari ya pensheni uliyoitaja inabaki palepale, siifuti.

Kifungu kwa Kifungu

Mmezungumza lami na riba, mimi nadai karatasi. Sheria ya Ubia ya 2021 inaruhusu kampuni kuleta pendekezo lake yenyewe. Katika njia hiyo ushindani hupungua, kwa hiyo kitu pekee kinachomlinda mwananchi ni kuisoma hesabu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari, na ipo sheria ya 2016 ya kuitekeleza. Tulisubiri mpaka Novemba 2022 ndipo Waziri Kipchumba Murkomen akatoa sehemu tu ya mikataba ya SGR, treni zikiwa zimeanza kazi tangu 2017. Safari hii tusome kabla kituo cha kwanza hakijafunguliwa.

Nikipewa dakika kumi na mkataba huo, nitafungua kurasa tatu. Ya kwanza ni ya malipo ya kuvunja mkataba: serikali ikivunja inalipa nini, na mwendeshaji akikosea inalipa nini. Kama deni la benki linalipwa lote hata mwendeshaji akiwa ndiye mkosaji, basi benki hazina sababu ya kumsimamia. Ya pili ni ya barabara shindani: je, serikali ikiboresha Njabini–Ol Kalou itadaiwa fidia ya magari yaliyohama? Ya tatu ni ya ardhi yenyewe. Machi 2018 mvua kubwa zilifungua ufa upande wa Suswa ukaikata barabara ya Maai Mahiu–Narok. Udongo wa majivu ya volkano hufanya hivyo: maji yanausomba chini kwa chini, juu panaonekana pazima, kisha panatitia. Aprili 2024 maji yaliyozibwa kwenye kalvati ya reli Old Kijabe yalipasua tuta na kuua watu wengi Maai Mahiu. Kilomita 58 za barabara ya chini zinapita eneo hilohilo. Hatari hiyo ikiandikwa kama "nguvu isiyozuilika", mlipaji ni Hazina. Ikiandikwa kama hatari inayojulikana, mwendeshaji ataongeza kalvati kubwa na kuchunguza udongo tangu mwanzo, kwa gharama yake.

Msimamizi wa Malori

Kurasa hizo tatu nami nazitaka, na ya nne: tozo ya mafuta. Kama A8 inatunzwa kwa ada, lita zinazochomwa juu yake zisitozwe tena kwa ajili yake. Mitambo ya ada itakuwa na namba ya gari, idadi ya ekseli na kilomita zilizokwendwa. Kukadiria lita na kumrudishia mwenye lori sehemu ya shilingi zake 2,200 kwa kupunguza ada yake ni kazi ya kompyuta ileile. Hilo likiwemo, na njia mbadala ya malori ikatajwa kwa jina, nitarudi hapa kubadilisha kura yangu. Mpimaji, wewe ungekubali semi zipunguziwe kiasi hicho, au unaona uharibifu wake bado unazidi tunacholipa?

Mpimaji

Semi iliyo ndani ya uzito wa sheria, ndiyo, nakubali ipunguziwe. Iliyozidi isipunguziwe hata senti, na namba ya mizani ndiyo iamue, gari kwa gari.