Mrejesho: lile swali langu la semi ipi nisinunue

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza madereva hawaitaki kabisa semi ya kampuni gani, maana nilitaka kununua ya mtumba nipige mizigo ya Dar–Tunduma. Wengi mlitaja moja. Sikusikia, bei ilinilevya.

Safari ya pili tu, katikati ya mlima Kitonga, ikachemsha. Utingo akaruka na jiwe kuzuia tairi la nyuma, rejeta inafuka kama birika. Spea Iringa hakuna, ikaagizwa Dar. Wamelala pale siku tatu. Dereva anasema kuchemsha si kitu, tatizo ni breki ya injini, haishiki: mteremkoni mguu haubanduki kwenye breki za tairi mpaka zinanuka. Jina silirudii, mnalijua. Natafuta mteja, na Kitonga nitamsimulia.