Tupeane uzoefu: mliosomea utabibu, wodini mlijifunza nini?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, habari za leo. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne akiwa na C ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia, na sasa amechaguliwa kusomea stashahada ya utabibu katika chuo cha Mafinga. Wajomba wameshaanza kumwita daktari. Mimi niliyesomea uhasibu sina la kumweleza zaidi ya kwamba kozi ni ya miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 ya NTA (ngazi za kitaifa za tuzo za elimu ya ufundi), na kwamba akihitimu atakuwa tabibu, yaani Clinical Officer, si daktari mwenye shahada. Naomba mliopita huko mtusimulie, hasa yale ya wodini ambayo hayamo katika vitini.

Tabibu Mstaafu
Hamjambo, wanangu. Nilisoma miaka ya 1980, na cheti changu bado kinasomeka "Medical Assistant", jina la zamani la hawa wanaoitwa matabibu leo. Mwalimu wetu wa maabara hakukubali tumwachie mtu mwingine hadubini. Ulipaka damu mwenyewe, tone nene upande mmoja wa kioo na utando mwembamba upande wa pili, ukasubiri ikauke bila kuipuliza, ukatia rangi ya Giemsa, ndipo ukainama kutazama. Siku moja niliandika kwamba sikuona vimelea vya malaria, ilhali nilikuwa nimetazama sehemu chache tu kwa sababu njaa ilikuwa imenibana. Mwalimu alikichukua kioo changu, akatazama kwa utulivu, kisha akawaita wenzangu wote waje kuviona vimelea vyangu. Siku hizi kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, na ni jambo jema kabisa, lakini kijana wako aelewe kwamba kipimo kikisema si malaria na mtoto bado anachemka, hapo ndipo utabibu unapoanza.

Binti wa Kusini
Shikamoo, mzee wangu. Umenikumbusha wodi ya watoto. Nilikuwa mwaka wa pili, nikapewa mtoto wa miezi kumi mwenye kikohozi, nikamhesabu pumzi kwa nusu dakika, nikapata 22, nikazidisha mara mbili na kuandika 44. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 50 kwa dakika, kwa hiyo kwa hesabu yangu huyo alikuwa na mafua tu. Mkufunzi hakunigombeza. Alivuta kiti, akamwomba mama amnyonyeshe mwanawe mpaka atulie, akainua kigauni hadi kifua kikaonekana chote, kisha akanipa saa yake na kuniambia nihesabu dakika nzima. Zilikuwa 53, dalili ya nimonia. Watoto hawapumui kwa mpangilio mmoja; huenda kasi kidogo, wakatulia, wakaenda kasi tena, na ile nusu yangu iliangukia penye utulivu. Mtoto alianzishiwa amoksilini siku ileile. Mpaka leo foleni iwe ndefu namna gani, dakika yangu ni dakika.

Zamu ya Usiku
Mimi nitasema lisilopendeza. Chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja, kilipokea wanafunzi wengi kuliko vitanda vya hospitali tuliyopelekwa, hata mgonjwa mmoja akawa anazungukwa na wanafunzi wanane, na wa nyuma anaona migongo tu. Baadhi ya wenzangu walijaziwa saini katika daftari la mazoezi kwa kazi ambazo hawakuzigusa. Mimi niliamua kuomba zamu za usiku, wakati wodi ina muuguzi mmoja aliyechoka na anayefurahi kupata mikono ya ziada, na huko ndiko nilikojifunza kushona kidonda na kutafuta mshipa wa mtoto mchanga. Mwambie mdogo wako asiogope usiku, na asikubali kamwe saini ya bure, kwa sababu mgonjwa hatamuuliza daftari lake linasemaje.

Niko Ohio
Huku Marekani jina hilohilo la Medical Assistant ni kazi nyingine kabisa, na Waswahili wengi tunaofika hapa huchanganyikiwa. Mafunzo yangu yalichukua chini ya mwaka, pamoja na saa 160 za mazoezi katika kliniki. Ninapima shinikizo la damu, ninatoa damu, ninachoma chanjo, ninapanga miadi, lakini sigundui ugonjwa wala siandiki dawa. Nyumbani nilikuwa tabibu, niliyekuwa nikifanya yote mawili. Ilinichukua muda kuzoea kunyamaza.

Wa Zahanati
Nakazia alilosema Zamu ya Usiku kuhusu wauguzi. Mwezi wangu wa kwanza kazini aliletwa mama mwenye mimba ya miezi minane akilalamika kwamba kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Shinikizo lilikuwa 170 kwa 110, na mkojo ulikuwa na protini. Nilijua kwamba ni rufaa, na kalamu ilikuwa tayari mkononi, lakini kilichonijia kwanza ni sauti ya mkunga mmoja wa wodi ya wazazi, mwanamke mkali tuliyemwita Sista, aliyekuwa akituambia kwamba karatasi ya rufaa haizuii kifafa cha mimba njiani. Tulimpa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa hicho, na dawa ya kushusha shinikizo, muuguzi akapanda naye gari, nami nikabaki nikijaza kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za wagonjwa, kwa mkono unaotetemeka. Alijifungua salama huko alikopelekwa. Darasani dozi ile niliwahi kuiandika ikapata alama zote, lakini aliyenionyesha jinsi ya kuivuta kwenye bomba la sindano ni Sista.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, nawe mzee wangu shikamoo. Nimemsomea yote, na swali lake la kwanza lilikuwa kama simu inatosha kuhesabia pumzi. Kesho tunakwenda sokoni kumtafutia saa yenye mshale wa sekunde, na blanketi zito, maana naambiwa baridi ya Mafinga haina utani. Wengine endeleeni.