Rekodi zipi ni za uwanja wa Nairobi Gymkhana, na zipi ni za viwanja vingine vya jiji?

Mfuatiliaji_Ngara aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaandaa makala kuhusu historia ya uwanja wa kriketi wa Nairobi Gymkhana na ningeomba msaada wa wale wanaotunza kumbukumbu za mchezo huu. Karibu kila orodha ya rekodi ninayoifungua huandika "Nairobi" tu bila kutaja uwanja, ilhali jiji hili limeandaa mechi za kimataifa kwenye viwanja kadhaa, vikiwemo Aga Khan, Ruaraka na Jaffery, na kila kimoja kina historia yake inayostahili kuheshimiwa. Matokeo yake ni kwamba jambo lililofanyika upande mmoja wa jiji huhesabiwa kuwa la upande mwingine, na makosa hayo hunakiliwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine bila mtu kuyahoji.

Kenya haikuwahi kupewa hadhi ya kucheza Test, kwa hiyo Gymkhana haijawahi kuandaa mechi hizo za siku tano ambazo ndizo zilizovipa umaarufu viwanja kama Lord's na Eden Gardens. Hata hivyo jina lake limo kwenye vitabu vya rekodi kwa namna ambayo viwanja vingi vya nchi zenye Test haviwezi kujivunia. Ningependa kujua ni matukio gani makubwa yaliyotokea hapo hasa. Pia, je, wanaodai kwamba rekodi hizo zilitokana na hewa nyepesi ya nyanda za juu na mipaka mifupi, na kwamba uwanja uliwapendelea wapigaji kupita kiasi, wana hoja?

Karani_wa_Alama alijibu:

Ndugu Mfuatiliaji, tuanze na tarehe 4 Oktoba 1996, kwa kuwa ndiyo siku iliyoufanya uwanja huu ujulikane duniani kote, na ndiyo pia siku inayosimuliwa visivyo mara nyingi zaidi.

Kenya ilikuwa imeandaa mashindano ya timu nne, yaani wenyeji, Pakistan, Afrika Kusini na Sri Lanka, ambayo ilikuwa bingwa wa dunia wakati huo. Shahid Afridi aliitwa kuziba nafasi ya Mushtaq Ahmed aliyekuwa ameumia, na aliitwa kama mrushaji wa spini, yaani mipira ya polepole inayopinda ikidunda, si kama mpigaji. Wengi huandika kwamba alianzia Gymkhana, lakini mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Kenya tarehe 2 Oktoba katika uwanja wa Aga Khan, na siku hiyo hakupata nafasi ya kupiga. Siku mbili baadaye, dhidi ya Sri Lanka, akapelekwa nambari tatu, akiwa na gongo ambalo Sachin Tendulkar wa India alimpa Waqar Younis wa Pakistan ili akatengenezewe mengine ya mfano wake huko Sialkot, Pakistan.

Ukiichambua karatasi ya alama utaona ukubwa wa jambo lenyewe. Alifikisha mikimbio mia moja kwa mipira 37, akatoka akiwa na 102 kwa mipira 40, na kati ya hiyo 90 ilitokana na mapigo 11 ya sita na mapigo 6 ya nne. Maana yake ni kwamba mikimbio 12 tu ndiyo aliyoipata kwa miguu. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya mipira 48, na mwenye nayo alikuwa Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka, aliyeiweka Singapore mwezi Aprili mwaka huohuo dhidi ya Pakistan hiyohiyo. Jayasuriya alikuwepo uwanjani siku hiyo, na ova 10 alizorusha (kila ova ni mipira sita) ziligharimu mikimbio 94. Pakistan ilimaliza ikiwa na 371 kwa wiketi 9, yaani wapigaji tisa wakiwa wametolewa, alama ambazo wakati huo zilizidiwa na mechi moja tu katika historia ya mechi za siku moja: zile 398 za Sri Lanka dhidi ya Kenya kule Kandy miezi saba kabla. Saeed Anwar wa Pakistan alipata 115, Aravinda de Silva wa Sri Lanka akajibu kwa 122, na Pakistan ikashinda kwa mikimbio 82.

Rekodi ya mipira 37 ilidumu hadi tarehe 1 Januari 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipotumia mipira 36. Mwaka uliofuata AB de Villiers wa Afrika Kusini akaishusha hadi 31. Kuhusu umri, rekodi rasmi husema Afridi alikuwa na miaka 16 na siku 217, lakini mwaka 2019 yeye mwenyewe aliandika kwamba alizaliwa 1975. Nakushauri uyaeleze yote mawili wazi katika makala yako, kwa sababu msomaji ana haki ya kujua kwamba rekodi ya umri, yaani ya mchezaji mdogo kuliko wote kufikisha mia, imesimama juu ya tarehe ambayo mwenyewe ameikana, wakati ile ya mipira haiguswi kabisa na suala hilo.

Sasa kuhusu hewa na mipaka. Ni kweli Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mpira hupaa mbali zaidi pale ambapo hewa ni nyepesi. Lakini wanaoishia hapo hawaangalii kilichotokea siku moja kabla, kwenye uwanja uleule: tarehe 3 Oktoba Allan Donald wa Afrika Kusini aliwatoa Wakenya sita kwa mikimbio 23, takwimu zilizobaki kuwa bora zaidi katika maisha yake yote ya mechi za siku moja, na Kenya ikaangushwa kwa 103. Vilevile mwaka 2002, Australia ilipata 332 kwa wiketi 5 na kuishinda Pakistan kwa mikimbio 224 hapohapo Gymkhana. Hewa ilikuwa ileile kwa timu zote mbili. Uwanja uliwalipa wapigaji wenye ujasiri, ndiyo, lakini mrushaji mwenye kasi ya kweli naye alipata haki yake.

Binti_Parklands alijibu:

Nakubaliana na Karani kwa yote, ila ninasikitika kwamba kila historia ya uwanja huu inapoandikwa, Wakenya huonekana kama watazamaji nyumbani kwao. Makala yakijaa Afridi na Tendulkar pasipo kutaja tarehe 10 Oktoba 1997, yatakuwa yamepunguka.

Siku hiyo Kenya ilicheza na Bangladesh, na jozi ya kufungua, Dipak Chudasama na Kennedy Otieno, iliongeza mikimbio 225 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka. Chudasama alipata 122, Otieno 144, na Kenya ikafikisha 347 kwa wiketi 3 na kushinda kwa mikimbio 150. Hizo 347 bado ndizo alama za juu zaidi ambazo Kenya imewahi kupata katika mechi ya siku moja, na 144 ya Otieno haijapitwa na Mkenya mwingine. Kwa rekodi ya uwanja wenyewe, wapo wageni waliomzidi, kama Chris Gayle wa West Indies aliyepata 152 dhidi ya Kenya Agosti 2001 na Matthew Hayden wa Australia aliyepata 146 katika ile mechi ya 2002 aliyoitaja Karani. Kwa hiyo tafadhali tenganisha rekodi ya taifa na rekodi ya uwanja.

Liko pia tatizo la jina, ambalo limewapotosha waandishi wengi. Kennedy Otieno na Kennedy Obuya ni mtu mmoja, kaka wa Collins na David Obuya, na karatasi za alama zimemwandika kwa namna zote mbili kwa nyakati tofauti. Nimeona orodha zinazomhesabu kama wachezaji wawili na kumgawia mikimbio yake nusu kwa nusu, jambo ambalo ni dhuluma kwa mlinda wiketi na mfunguzi bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao.

Mfuatiliaji_Ngara aliandika:

Nawashukuru nyote wawili. Dada Binti, suala hilo la jina nitalitolea maelezo ya wazi. Naomba sasa mnisaidie na mashindano ya mwaka 2000 pamoja na Kombe la Dunia la 2003, kwa kuwa nimesoma mahali kwamba mechi zote za 2000 zilichezwa Gymkhana na mahali pengine kwamba ziligawanywa kwenye viwanja viwili.

Mkongwe_wa_Ruaraka alijibu:

Zote zilichezwa Gymkhana, ndugu yangu, zote kumi. Kati ya tarehe 3 na 15 Oktoba 2000, Baraza la Kimataifa la Kriketi lilileta Nairobi timu zote kumi zilizokuwa na hadhi ya Test, ikiwemo Bangladesh iliyokuwa imepata hadhi hiyo mwaka huohuo, pamoja na Kenya kama mwenyeji. Yalikuwa mashindano ya mtoano, ambayo baadaye yalichukua jina la Champions Trophy. Uwanja wa nchi isiyo na Test ulibeba mzigo wa namna hiyo peke yake, na kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko mikimbio ya mtu mmoja, hata akiwa Afridi.

Mechi ya ufunguzi, India dhidi ya Kenya, ndiyo iliyowatambulisha Zaheer Khan na Yuvraj Singh katika kriketi ya kimataifa. Siku nne baadaye Yuvraj, aliyekuwa na miaka 18, aliwapiga Australia 84, na mabingwa hao wa dunia wakaondolewa kwa tofauti ya mikimbio 20. Nahodha wa India, Sourav Ganguly, alipata 141 bila kutolewa katika nusu fainali dhidi ya Afrika Kusini, kisha 117 katika fainali.

Fainali yenyewe ndiyo ninayotaka uipe nafasi ya kutosha. Ganguly na Tendulkar, aliyepata 69, waliongeza 141 kabla ya kutenganishwa, na kwa mwanzo huo ilionekana India ingevuka 300; warushaji wa New Zealand wakaibana hadi ikaishia 264 kwa wiketi 6. New Zealand nao wakafika 132 wakiwa wamepoteza watano. Hapo Chris Cairns, aliyekuwa akisumbuliwa na goti, akabaki na Chris Harris, na wawili hao hawakukimbilia mapigo makubwa. Walijenga kwa mikimbio ya moja moja na mbili mbili, wakiacha hesabu ishuke polepole, hadi walipokuwa wameongeza 122. Harris alitoka na 46. Cairns alimaliza na 102 bila kutolewa, ushindi ukapatikana mipira miwili kabla ya ova kwisha. Timu ya wanaume ya New Zealand haikushinda taji jingine la dunia hadi fainali ya ubingwa wa dunia wa Test ya 2021, ambapo pia iliifunga India.

Kuhusu 2003, Nairobi ilipangiwa mechi mbili za Kombe la Dunia, zote Gymkhana. New Zealand ilikataa kuja tarehe 21 Februari kwa sababu za kiusalama na Kenya ikapewa pointi. Sri Lanka ilikuja tarehe 24. Kenya ilipata 210 kwa wiketi 9, Kennedy Otieno akiwa na 60, kisha Collins Obuya, kijana wa spini, akarusha ova zake 10 mfululizo na kuchukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, miongoni mwao Jayawardene, Sangakkara na Aravinda de Silva. Mlinda wiketi aliyedaka baadhi ya mipira hiyo alikuwa kaka yake. Sri Lanka iliishia 157. Wapo wanaosema Kenya ilifika nusu fainali kwa pointi za bure. Nawaomba waitazame karatasi hii kabla ya kurudia maneno hayo, kwa maana waliofungwa hapa walikuwa mabingwa wa 1996 na walifungwa kwa mikimbio 53 bila msaada wa mtu.

Baada ya hapo mambo yalipungua. Migogoro ya uongozi ilikivunja chama cha zamani, na hofu za usalama ziliwafanya wageni wakubwa wasite kuja. Kenya ilitwaa ubingwa wa daraja la kwanza la timu zisizo na Test hapo Gymkhana Februari 2007, kwa kuifunga Uskoti wiketi 8 katika fainali, lakini mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya mechi za siku moja.

Karani_wa_Alama aliongeza:

Nyongeza moja, kwa kuwa kosa hili limeanza kuenea. Zile alama 344 kwa wiketi 4 ambazo Zimbabwe ilizipata dhidi ya Gambia tarehe 23 Oktoba 2024, zilizokuwa za juu kuliko zote katika T20 za kimataifa (mechi fupi za ova 20 kwa kila timu) hadi siku hiyo, na zile 133 za Sikandar Raza kwa mipira 43, si za Gymkhana. Zilipigwa Ruaraka, na Mkongwe hatatusamehe tukizihamisha.