Chura anayechimba kwa pua: tupeane uzoefu

Wakuu wenye viwanja vya mchanga Kigamboni, Chanika na Bunju, masika inakaribia na majembe yameshatoka. Tumjadili Hemisus marmoratus, chura mdogo wa kichwa kidogo na pua ngumu iliyochongoka. Semeni yatakayomfaa mtu mwenye jembe mkononi.

MpandaMpunga: Vyura wengi wanaochimba huzama kinyumenyume, wakipangua udongo kwa miguu ya nyuma. Huyu hutanguliza pua, mikono minene ikikwangua pembeni. Usiku dume huvuma mfululizo ukingoni mwa dimbwi. Wengi hudhani ni nyenje.

MamaBustani: Cha kulindwa hasa ni kiota. Jike huchimba dume akiwa mgongoni, hutaga ndani ya kishimo kando ya mahali patakapojaa maji, si majini. Juu ya mayai huwa na vifuko vya ute vitupu, visivyo na kiini. Jike hukaa nayo. Viluwiluwi wakianguliwa husubiri humohumo hadi maji yapande, au mama awatobolee njia hadi dimbwini. Ndiyo maana kusawazisha ukingo kabla ya mvua kubwa huzika kizazi kizima, na aliyesawazisha asione hata chura mmoja.

Kijana_Chanika: Na jembe likishafumua kiota?

MamaBustani: Rudisha udongo uleule kwa mikono, uwe umelegea, usishindilie kwa mguu. Fanya upesi, jua hukausha ute. Chomeka kijiti cha alama. Mayai usiyatie kwenye ndoo ya maji. Yameumbwa kukua kwenye unyevu wa udongo.

FundiShamba: Naongeza dawa ya mchwa. Chura hanywi kwa mdomo, maji humwingia kupitia ngozi, na sumu iliyo kwenye udongo vilevile. Tena mchwa na sisimizi ndio chakula chake. Ulimi wake ni wa ajabu: hautupi kwa kasi, huunyoosha taratibu kwa msukumo wa majimaji ya ndani, ncha ikamshika mchwa. Mwagieni dawa msingi wa nyumba tu, bondeni acheni.

MpandaMpunga: Walioko kusini, kuelekea Msumbiji, msimchanganye na Breviceps mossambicus, yule wa mviringo kama mpira. Dume wake ana mikono mifupi mno, hivyo hugandamana na jike kwa gundi ya ngozi. Mkiwakuta hivyo msiwavute, ngozi huchanika. Dimbwi hawalihitaji: watoto hutoka ardhini wakiwa vyura kamili.