Naomba ushauri: umbo la farasi jike wangu na mwendo wake

Ndugu wanajamvi, ninatunza farasi wachache karibu na Jinja, na naomba msaada wa wenye uzoefu na farasi wa mwendo laini, kama Tennessee Walking Horse wa Marekani. Jike wangu wa miaka 6 ni chotara wa damu hiyo. Akienda polepole, kila kwato hugusa ardhi kwa zamu yake, nasikia vishindo vinne vilivyo sawa, na kwato ya nyuma hukanyaga mbele ya alama iliyoachwa na ile ya mbele. Nikimhimiza tu, miguu ya upande mmoja huinuka na kushuka pamoja, vishindo hubaki viwili, na mpandaji hutikiswa kushoto na kulia.

Ninafahamu kwamba mwaka 2012 watafiti walihusisha uwezo wa farasi kwenda kwa miendo ya aina hii na badiliko katika jeni ya DMRT3, lakini jeni haipangi kila kitu, maana urefu wa mgongo, mwinamo wa bega na pembe za mguu wa nyuma huchangia kuamua hatua itafika wapi. Huyu ana mgongo mrefu, bega lililosimama, na miguu ya nyuma iliyonyooka mno.

Fundi mmoja wa kwato alinishauri nimpigilie viatu vizito vya mbele. Nilikataa, kwa kuwa naogopa kumuumiza viungo. Je, kumtembeza taratibu kwenye miinuko kutaimarisha mgongo na kurudisha vile vishindo vinne, au umbo lake limeshaweka mpaka ambao sipaswi kumlazimisha auvuke?